Bahasha ya Kurudishia Jibu

Calumet, Michigan
9 Septemba 1996

Shangazi Verna,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima. Natumaini goti lako limetulia na lifti ya jengo lenu imetengenezwa, maana kwenye kadi ya Krismasi ulivilalamikia vyote viwili kwa sentensi moja. Dale amemaliza kuezeka upya sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, na sasa anaisifu kama mtu aliyejenga kanisa. Kirsti ameingia darasa la pili na aling'oka meno mawili ya mbele siku ile ile ya kupigwa picha shuleni. Mimi bado nipo jikoni pale shuleni, na Jumamosi nawasomea watoto hadithi katika maktaba ya mji.

Baba yupo. Tangu astaafu kuendesha lori la kusukuma theluji la kaunti, hajui azifanyie nini asubuhi zake. Anaamka kabla ya watu wote kama zamani, anavaa buti, kisha anakaa jikoni na buti zake. Mapafu yanamsumbua. Daktari amemkataza kupasua kuni, kwa hiyo anapasua tukishatoka.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Nina hadithi ya watoto. Ni ya mbweha na lori la theluji. Nimeipiga chapa vizuri na ninaamini inafaa kuwa kitabu. Wewe ulikuwa wakala wa waandishi maisha yako yote, unawajua watu. Naomba uipeleke pale ofisini kwako kwa zamani, umpe mtu na neno moja zuri. Zaidi ya hapo sikusumbui. Ningependa kitoke upesi, kama ni mwakani basi mwakani.

Kirsti anakusalimu.

Wako,
Aili


New York
30 Septemba 1996

Aili mwanangu,

Barua yako imefika na nimecheka peke yangu kwa ajili ya meno ya Kirsti. Goti liko vile vile. Lifti inafanya kazi Jumatatu tu, siku ambayo sina pa kwenda. Iliki hapa mtaani kwangu inauzwa kwenye vichupa vidogo utadhani dawa ya macho, kwa hiyo sijaoka ule mkate wetu mtamu tangu Pasaka.

Jambo lako: hapana. Sipeleki hadithi yako ofisini. Usininunie kabla ya kusoma sababu. Miaka ishirini na mitano nilikaa upande ule wa meza, na kila wiki alikuja mtu na mswada wa shemeji yake. Tulikuwa na rafu maalumu ya mashemeji. Vumbi lake lilikuwa nene kuliko miswada yenyewe. Hadithi ikiingia kwa mlango wa undugu, msomaji huifungua akiwa ameshachoka nayo.

Ila nitakufundisha kubisha hodi kama watu wengine, na ukinisikiliza utabisha vizuri kuliko wengi.

Nenda maktaba, chukua vitabu vya picha unavyovipenda, usome ukurasa ule mdogo ambapo mwandishi anashukuru watu. Wakala wake hutajwa hapo. Muulize bibi wa maktaba kitabu cha orodha ya mawakala, kipo, na uhakikishe mtu huyo anauza vitabu vya watoto. Nimeletewa hadithi za sungura na watu waliotakiwa kumwandikia mwenzangu wa vitabu vya kilimo. Jina lake liandike sawasawa. Barua yako isizidi ukurasa mmoja: hadithi inahusu nini, ya watoto wa umri gani, ina maneno mangapi, wewe ni nani. Basi. Akikuomba ada ya kusoma, mkimbie, maana wakala wa kweli hupata sehemu yake baada ya kuuza na si kabla.

Na jambo kubwa kuliko yote: ndani ya barua weka bahasha nyingine, yenye jina lako, anwani yako na stempu tayari. Jibu litarudi humo. Ndiyo maana kukataliwa kunauma mara mbili, kunakuja kwa mwandiko wako mwenyewe. Lakini bila bahasha hiyo hupati kitu. Kwetu palikuwa na kanuni: mswada usio na bahasha unaingia kwenye pipa, mwenyewe haandikiwi hata neno. Nimeona wengi waliopotea hivyo.

Kuhusu mwakani, sahau. Kitabu cha picha huchukua miaka miwili, mitatu. Mbona una haraka?

Shangazi yako,
Verna


Calumet
14 Oktoba 1996

Shangazi,

Salamu. Theluji ya kwanza ilianguka jana ikayeyuka kabla ya kiamsha kinywa. Baba alitoka nje kuitazama akarudi akasema, "Hiyo si theluji, ni mba." Dale anasafisha bunduki yake kwa ajili ya msimu wa kuwinda paa na hazungumzi jambo lingine.

Nilinuna siku mbili, sasa nimemaliza. Nimekwenda maktaba nikapata majina tisa. Nimeandika barua. Naomba uitazame:

"Kwa Mhusika. Mimi ni mama wa mtoto mmoja ambaye anasema hadithi hii ni nzuri kuliko zote alizowahi kusikia. Itawafundisha watoto upendo, bidii na usalama barabarani. Nina hakika itauzika nchi nzima. Picha kumi na mbili zimekwisha kuchorwa na binamu wa mume wangu, fundi stadi anayechora miali ya moto kwenye magari. Nipigieni simu wakati wowote isipokuwa kati ya saa tano na saa saba mchana, kwa kuwa nakuwa jikoni nikigawa chakula."

Nimeichapa kwenye karatasi ya rangi ya waridi ili ionekane kati ya nyingine.

Umeniuliza kwa nini nina haraka. Miaka mitatu ni mingi kwetu, hilo tu.

Nilipomwambia baba kwamba nakuandikia, aliweka kikombe chini akasema, "Verna hajibu barua." Nikamwambia anajibu, tena ndefu. Akasema, "Basi kabadilika." Mna nini nyinyi wawili? Mimi nilidhani ni umbali tu.

Aili


New York
2 Novemba 1996

Aili mwanangu,

Nimepata barua yako na ile ya waridi ndani yake. Mwambie Dale asinitumie nyama ya paa mwaka huu. Mara ya mwisho nyama ilipitia posta siku tisa na mlinda mlango bado ananikumbusha.

Karatasi ya waridi itie jikoni iwashie moto. Wakala akiona rangi hujua ndani hamna kitu. Niliwahi kuletewa mswada uliofungwa na mwanasesere, mwingine na peremende zilizoyeyuka, na mmoja na jino la mtoto. Sikumbuki hadithi hata moja kati ya hizo. Jino nalikumbuka.

"Kwa Mhusika" ni mlango ambao hujui ni wa nani. Kirsti kuipenda hadithi si ushahidi, Kirsti anakula kwako. Usiseme itafundisha nini. Mtoto akinusa fundisho hukimbia, na wakala humtangulia mtoto. Kama itauzika au haitauzika mwachie yeye, ndiyo kazi yake. Binamu wa Dale aendelee na magari. Mchapishaji humtafuta mchoraji mwenyewe, na ukija na wako umempa sababu mbili za kukataa badala ya moja. Hili kosa wanalifanya karibu wote wanaoanza, wala usione haya. Na usimpangie mtu saa za kukupigia simu kabla hajataka kukupigia.

Siku hizi unaruhusiwa kupeleka kwa mawakala kadhaa kwa mara moja, mradi useme. Enzi zangu za mwanzo ilikuwa ofisi moja kwa wakati. Ulipeleka, ukangoja jibu, ndipo uende kwa mwingine. Ukipeleka kwa wawili, ulihesabiwa huna adabu. Watu walingoja hata mwaka.

Niletee hadithi yenyewe niisome kabla ya hao tisa. Kupeleka siipeleki popote, nataka tu kuisoma kwa kalamu mkononi.

Kwa baba yako sina la kusema. Msalimu.

Verna


Calumet
18 Novemba 1996

Shangazi,

Salamu za baridi. Dale yupo msituni na wenzake wanne na vyakula vya wanaume kumi. Nimewapikia pasti ishirini na nne, mikate ya kuoka yenye nyama na viazi ndani, na baba kasema nimepunguza pilipili manga. Kikohozi chake kimerudi. Anazilaumu kuni mbichi.

Hadithi ni hii, karatasi nyeupe, nafasi mbili kati ya mistari, jina langu juu kulia. Nimeweka na bahasha ya kurudishia. Unaona mwanafunzi wako.

Na usinikasirikie. Barua nimeiandika upya kama ulivyosema nikaipeleka kwa watatu kati ya wale tisa, pamoja na hadithi. Sikuweza kungoja.

Salamu zako nilimpa. Alisema, "Haya." Ndiyo yote.

Aili


New York
11 Januari 1997

Aili mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa na mafua, kisha sikukuu, kisha mafua tena. Natumaini kikohozi cha baba yako kimepungua na kwamba mmempata mtu wa kumfichia shoka.

Nimeisoma hadithi. Nitakwambia kama ambavyo ningemwambia mtu baki.

Mbweha anayengoja lori la theluji kila alfajiri akidhani barabara inasafishwa kwa ajili yake: hiyo ni nzuri, usiiguse. Dereva anayejifanya hamwoni: nzuri pia. Siku ambayo lori halikuja kwa sababu dereva anaumwa, na mbweha akaamua kutembea kwenye theluji mpaka nyumbani kwa dereva: hapo nilishusha kalamu. Mstari wa mwisho, dereva anapochungulia dirishani na kuona nyayo, "Nyembamba, lakini barabara," mtu asiuguse, hata mchapishaji, hata mfalme.

Lakini umeandika maneno elfu moja na mia tisa. Kitabu cha picha ni mia sita, mia saba. Kila unachoeleza ambacho mchoraji atakionyesha, kifute. Usiseme mkia wake ulikuwa mwekundu, tutauona. Sala ya shukrani ya mwishoni, ifute. Yule bibi mwenye kuku naye aondoke pamoja na kuku wake. Hakuwemo, na hadithi ilikuwa inatembea vizuri bila yeye.

Narudisha mswada kwenye bahasha yako. Nimeandika pembeni kwa penseli.

Shangazi yako,
Verna


Calumet
20 Januari 1997

Shangazi,

Huku theluji imefika madirishani. Sote tupo, baba anatumia mashine ya kupumulia mara mbili kwa siku. Nakwenda moja kwa moja leo, uniwie radhi.

Barua yako nimeisoma mara nne. "Hakuwemo." Bibi mwenye kuku nilimtia mimi, mwezi wa Julai, pale mezani kwangu. Hakuna mtu aliyeiona hadithi hii bila yule bibi isipokuwa mimi na aliyeiandika. Wewe umejuaje?

Nitasema langu kwanza kisha nawe useme lako. Hadithi si yangu. Ni ya baba. Alikuwa akitusimulia mimi na mama wakati naanza shule, halafu akaacha, nami nikadhani nimekua mkubwa. Majira ya joto nilikuwa natafuta ndoana kwenye sanduku lake la uvuvi, nikakuta karatasi sita chini ya trei, nakala ya kaboni iliyochapwa kwa mashine ya ofisi ya kaunti. Nikamwambia, "Baba, hiki ni kitabu." Akaninyang'anya. "Kilishapelekwa," akasema. "Kikasemwaje?" nikamuuliza. Akasema, "Hakikusemwa." Akazirudisha chini ya trei. Alipokwenda hospitali nilizitoa nikanakili, nikaongeza yangu, nikaweka jina langu kwa sababu lake hakubali. Nilitaka akione kikiwa kitabu tayari, hapo asingeweza kukirudisha sandukuni. Ndiyo haraka yangu. Daktari anahesabu kwa majira, si kwa miaka.

Sasa sikiliza. Ijumaa nilipata barua kwenye bahasha yangu mwenyewe. Bi Rosalind Tarr wa Boston, mmoja wa wale watatu, ameipenda. Naye kasema bibi mwenye kuku aondoke. Anataka tuzungumze kwa simu na anataka kuniwakilisha. Nilikaa kwenye ngazi za nje na aproni yangu nikalia, kisha nikakumbuka kwamba anayetakiwa ni mtu mwingine. Nimwambie nini?

Na kitu kimoja. Baridi ile nilipokuwa na miaka minane, baba alikuwa akienda mwenyewe kwenye sanduku la barua kila siku, hata siku za dhoruba. Mama alimtania kwamba ana mpenzi. Shangazi, alikutumia wewe?

Aili


New York
3 Februari 1997

Aili mwanangu,

Alinitumia mimi.

Leo sina salamu ndefu. Mafua niliyokwambia hayakuwepo. Nilifungua bahasha yako, nikasoma mstari wa kwanza, nikaenda kwenye droo yangu nikatoa karatasi sita zenye kutu ya kibanio. Ninazo tangu Oktoba 1970. Nimekaa na nakala mbili mezani wiki saba nikijiuliza kama unajua.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano, msaidizi wa bosi, kazi yangu kufungua magunia ya barua. Siku moja nikakuta mwandiko wa baba yako, Reino. Hakuniandikia mimi, aliandikia ofisi, kwa heshima zote, "Waheshimiwa." Hakuweka bahasha. Nadhani alifikiri dada yupo, jibu litakuja naye Krismasi. Nikasoma nimesimama. Nikapeleka kwa bosi nikasema hii ni nzuri. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Bahasha iko wapi?" Nikasema hakuna. Akasoma jina kwa sauti, Saarela, kwa kulivuta vuta ili wenzangu wacheke, na pale barua iliposema mwandishi anaendesha lori la theluji. Wakacheka. Akaitupa kwenye pipa.

Pale kazini nilikuwa najiita Verna Sorrell. Nilikuwa nimewaambia natoka Chicago na baba yangu alikuwa mwalimu. Ningesema, "Huyo ni kaka yangu," ingekuwa maneno manne tu. Sikuyasema. Nami nilicheka, Aili. Hilo ndilo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Jioni nilizitoa karatasi pipani. Krismasi nilikuja nyumbani, Reino akanipokea kituoni. Ni mwendo wa saa nzima mpaka nyumbani na aliendesha polepole makusudi. Nilizungumzia hali ya hewa. Hakuniuliza, siku ile wala baadaye. Mwaka uliofuata nilisema nina kazi nyingi, na mwaka uliofuata pia, ikawa mazoea. Nina aibu nayo hadi leo, na nimetumia maisha yangu kuwafundisha watu nisiowajua kuweka bahasha.

Sasa kazi. Mpigie Bi Tarr kabla hujasaini chochote, umwambie ukweli wote. Wakala huuza kazi pamoja na jina la mwenyewe. Mkataba una mstari ambapo mwandishi anaapa kwamba kazi ni yake, na ukisaini pale umeshika kitu cha mtu mwingine. Anaweza kukasirika. Anaweza kukata simu. Hata hivyo mwambie. Nakusihi kwa sababu najua siku moja inayopita bila kusema inavyozaa nyingine.

Ndani ya hii kuna barua yangu kwa baba yako. Nimeigundisha. Mpe mkononi.

Verna


Calumet
24 Februari 1997

Shangazi,

Salamu. Kirsti ameota jino moja kati ya yale mawili. Dale ameteguka mgongo kwa kuondoa theluji kwa koleo juu ya paa la sauna aliyoiezeka. Nakupa habari kwa mpangilio kwa sababu nikianza na ile kubwa nitavuruga.

Barua yako nilimpa baba Jumanne asubuhi. Aliisoma jikoni amevaa buti. Mimi nilijifanya nasugua sufuria. Aliisoma mara ya pili, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akasema, "Kumbe ni bahasha." Nikasema, "Baba, si bahasha tu." Akasema, "Najua si bahasha tu. Lakini bahasha naweza kuirekebisha." Kisha akaenda kuwasha sauna mchana kweupe, siku ya kazi, akakaa humo peke yake. Daktari amemkataza. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akalaumu moshi.

Nilimkasirikia, Shangazi, na wewe pia nilikukasirikia. Miaka yote hii nilidhani hunipendi kwa sababu sikusoma chuo. Kirsti hajawahi kukuona. Nimelisema ili lisiendelee kukaa.

Bi Tarr nilimpigia Alhamisi. Nilimwambia yote, kuanzia sanduku la uvuvi. Akasema, "Umenipotezea mwezi mzima na ulikuwa unaniuzia kitu kisicho chako." Nikasema ndiyo. Akauliza, "Mwenyewe yu hai?" Nikasema yupo hapa jikoni na buti zake. Akasema, "Basi mpe simu."

Baba alishika simu kama chuma cha moto. Alisema "ndiyo" mara tatu na "hapana" mara moja. Hapana ilikuwa ya bibi mwenye kuku. Alipouliza, "Bibi gani?" mimi nilikwishatoka nje.

Karatasi za mkataba zimefika Jumamosi. Zipo mezani, kalamu juu yake, na hasaini. Nimembembeleza, Dale kambembeleza akiwa amelala chali. Anasema kuna ofisi aliyoipelekea kwanza na haijamjibu, na si adabu kwenda kwa mwingine kabla ya jibu. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni miaka ishirini na sita." Akasema, "Niliambiwa huwa wanachelewa kujibu."

Nilidhani anakutania. Halafu akaketi, akachomoa bahasha moja kwenye zile zangu, akaandika jina lake na anwani yake, polepole, kwa herufi kubwa kama alizokuwa akiandikia ripoti za barabara. Akabandika stempu tatu ingawa moja inatosha. Akazitoa zile karatasi sita kwenye sanduku la uvuvi, akaniambia, "Mpelekee. Mwambie safari hii nimetimiza."

Zimo humu zote. Bi Tarr anangoja mpaka katikati ya Machi. Mapafu sijui yanangoja mpaka lini.

Aili


New York
1 Machi 1997

Bwana Reino Saarela,
Calumet, Michigan

Mheshimiwa,

Tumepokea mswada wako wenye kurasa sita, uliotufikia mara ya kwanza Oktoba 1970. Kwa kawaida huwa tunajibu ndani ya wiki nane. Tunaomba radhi kwa kuchelewa.

Mswada wako ulisomwa siku ulipofika. Msomaji aliusoma amesimama. Kilichotakiwa siku ile ni yeye kusema mbele ya watu kwamba ni mzuri na kwamba mwandishi ni kaka yake, naye hakusema. Kosa halikuwa la hadithi wala la bahasha.

Jibu letu ni ndiyo. Kwa kuwa msomaji huyo hana tena ofisi, tunakuachia kwa moyo mmoja uende kwa Bi Tarr. Saini leo. Mstari wa mwisho usikubali waubadilishe.

Jana nilimpigia yule bosi wangu. Yu mzee sana na hasikii vizuri, ikabidi nipige kelele. Nilimwambia jina langu ni Saarela, natoka Calumet, na kwamba mwaka 1970 aliitupa hadithi ya kaka yangu. Hakukumbuka. Nilikuwa najua hatakumbuka, lakini nilitaka kulisema kwa sauti.

Nimekata tiketi ya basi la tarehe kumi na mbili. Usije kituoni, Reino, kifua chako hakiwezi baridi hiyo. Nitatembea kutoka barabara kubwa, goti likitaka lisitake. Wewe kaa dirishani.

Bahasha yako nimeitumia. Usitume nyingine, anwani ninayo.

Dada yako,
Verna Saarela